Fedha ya Mafuta Isigeuke Mshahara

Parokia nyingi hazina gari la mradi. Mratibu anayeishi Ipagala huwasha pikipiki yake mwenyewe kwenda kukagua kisima Hombolo au kutembelea kikundi cha akina mama Kikombo. Katika vikao vya kamati huulizwa: je, gharama hiyo inapata nafuu ya kodi?

Wahisani wa Uingereza wamezoea utaratibu wa kwao. Huko mfanyakazi asiyerudishiwa gharama anaweza kudai nafuu mwenyewe, kwa kiwango kilichowekwa mwaka 2011: pensi 45 kwa kila maili ya gari, kwa maili 10,000 za kwanza. Kwetu Tanzania, Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 haimpi mwajiriwa nafasi ya kupunguza gharama za safari katika mshahara wake. Nafuu ipo mahali pengine. Kifungu cha 7 kinasema posho ya safari haihesabiwi kuwa mapato iwapo inarudisha tu fedha ambayo mfanyakazi ameitumia kwa ajili ya kazi peke yake. Kwa hiyo yote yanategemea jinsi kamati inavyolipa.

Tuchukue mfano. Mratibu analipwa mshahara wa shilingi 260,000 kwa mwezi. Kamati inamwongezea shilingi 80,000 za "usafiri" kila mwezi, asafiri asisafiri, bila maelezo yoyote. Hiyo ni posho, nayo huunganishwa na mshahara kuwa shilingi 340,000. Tukiacha pembeni michango ya hifadhi ya jamii, kwa viwango vya Julai 2021 kodi huanza kukatwa juu ya shilingi 270,000, kwa asilimia 8. Zilizozidi ni 70,000, na kodi yake ni shilingi 5,600 kwa mwezi, yaani 67,200 kwa mwaka. Mratibu anatozwa kodi kwa petroli aliyoichoma akitumikia mradi. Na kamati isipokata kodi hiyo, TRA itaidai kwa mwajiri pamoja na riba.

Kamati ikimrudishia shilingi 80,000 zile zile kwa hesabu ya safari alizofanya kweli, fedha hiyo haikatwi kodi. Yanayotakiwa ni haya:

1. Daftari la safari: tarehe, mahali, kazi iliyofanyika, na kilometa zinazosomeka kwenye pikipiki wakati wa kuondoka na wa kurudi.

2. Stakabadhi ya EFD ya mafuta na ya matengenezo.

3. Saini ya mwenyekiti au mweka hazina kabla ya malipo.

4. Kutunza kumbukumbu hizo kwa miaka mitano.

Kamati ikipenda kulipa kwa kilometa, kiwango kilingane na gharama halisi. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, nazo zinaweza kuwa msingi wa makisio. Kiwango kikipita gharama, ziada yake ni mapato. Vilevile safari ya kutoka nyumbani kwenda ofisini ni ya mtu binafsi, haimo.

Wapo pia wafadhili wetu wafanyabiashara, kama wenye mashamba ya zabibu. Anayetengeneza hesabu kamili anaruhusiwa kutoa gharama za gari kwa sehemu ya biashara tu. Gari likitembea kilometa 20,000 kwa mwaka, na 12,000 kati ya hizo ni za biashara, sehemu hiyo ni asilimia 60. Mfanyabiashara mdogo anayelipa kodi ya makadirio hutozwa kwa mauzo yake, hivyo gharama za gari hazipunguzi kodi yake.

Daftari la shule la bei ndogo linatosha kuanzia. Litamlinda mtumishi asikatwe jasho lake, litailinda kamati siku ya ukaguzi, na litamwonyesha mfadhili kila shilingi yake ilifika kijiji gani. Tunaziomba kamati zote zilianze katika kikao kijacho.