Meza ya Tangi la Samaki na Hesabu Niliyoisahau

Ilikuwa baada ya sala ya Isha. Wanangu wawili walikuwa wamekaa sakafuni mbele ya tangi la kioo, wakiwahesabu furu tulioletewa kutoka Bukoba, tuliposikia mlio mfupi kama wa kuni inayopasuliwa. Kabati la televisheni lililobeba tangi lile lilikuwa limebonyea katikati kiasi cha upana wa kidole, na baina ya kioo na ubao mwanga wa taa ulikuwa ukipenya. Niliwaondoa watoto kwanza. Kisha mimi na mama yao tukateka maji kwa ndoo muda wa saa nzima, hakuna aliyesema neno.

Ndugu msomaji, simlaumu aliyelitengeneza kabati lile, kwani alitengeneza kitu cha kubeba televisheni. Kosa lilikuwa langu: sikupiga hesabu. Tangi letu lina urefu wa sentimita 120, upana 50 na kimo 50. Likijazwa hadi sentimita 45, humo mna lita 270 za maji, na kila lita moja ni kilo moja. Kioo cha unene wa milimita 10 kina uzito wa kilo 25 kwa kila mita ya mraba, hivyo kioo peke yake kinakaribia kilo 57. Ongeza changarawe na mawe ya chini, utapita kilo 360. Kwa watu wa Karagwe na Kyerwa hesabu hiyo haihitaji mizani: ni magunia sita ya kahawa safi ya kilo 60, yamepangwa juu ya kabati, na watoto wamekaa chini yake.

Nilimwendea mzee mmoja seremala wa Omurushaka, mtu aliyezoea kutengeneza milango na vitanda, ambaye hakuwahi kuombwa meza ya samaki. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Ustadhi, uzito huo utapita wapi kufika chini?" Nikajibu kwamba utabebwa na parafujo imara. Akatikisa kichwa. "Parafujo ni ya kushika, Mzee wangu. Ya kubeba ni mbao."

Katika maneno hayo ndimo ilimo siri yote ya kazi hii. Fremu ya juu isining'inie ubavuni mwa miguu kwa misumari. Ikae juu ya vichwa vya miguu, na miguu nayo isimame juu ya fremu ya chini, ili uzito ushuke kutoka mbao hadi mbao mpaka sakafuni. Parafujo na gundi kazi yake ni kuzuia mbao zisihame mahali pake.

Tulitumia mbao za mkaratusi za inchi mbili kwa nne. Mgrevilea unaotia kivuli mashamba yetu ya kahawa nao hutoa mbao nzuri, na paina hufaa pia. Muhimu kuliko jina la mti ni ukavu wake. Mbao nyingi zinazouzwa kando ya barabara zimepasuliwa juzi. Ukiunga meza kwa mbao mbichi, zitasinyaa na kupinda zikiwa tayari zimebeba kioo, na kioo hakipindi. Mzee alizipanga kivulini, vijiti vikiwa katikati ili hewa ipite, akaweka alama kwenye kipande kimoja. Kila Ijumaa baada ya sala nilikipima kwenye mizani ya duka la jirani. Kilipokoma kupungua uzito, tulijua mbao ziko tayari. Ilichukua miezi, na watoto walinung'unika sana.

Siku ya kuunga, fremu za sentimita 120 kwa 50 zilipimwa kutoka pembe hadi pembe. Hapa pana jambo lililonifurahisha: kwa vipimo hivyo mshazari hutoka sentimita 130 kamili, bila kipande. Zikisoma 130 pande zote mbili, pembe zako zimenyooka. Moja ikisoma 131, gonga kona taratibu kabla gundi haijakauka. Miguu ilikuwa sita, minne ya pembeni na miwili katikati ya pande ndefu, na fremu ya juu ikawekewa mbao mbili za kukata upana. Kimo kiliishia sentimita 70. Sikutaka kiwe kirefu zaidi, kwa kuwa kila kitu kirefu chenye uzito juu hupenda kuanguka.

Nami nina sababu ya kuliogopa hilo. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, siku chache kabla ya Idi ya Kuchinja, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliutikisa mkoa wa Kagera. Watu walipoteza maisha, nyumba zikabomoka, na majengo ya shule za Ihungo na Nyakato yakaharibika vibaya. Anayejenga kitu kizito katika mkoa huu akizingatia uzito wa kwenda chini peke yake, amefanya nusu ya kazi. Meza yenye miguu imara inaweza kulala upande kama kiti kibovu. Kwa hiyo mgongo mzima wa meza yetu ulifungwa kwa plaiwudi iliyopigwa parafujo kila baada ya shubiri, mbavu zikatiwa mbao za mshazari, na fremu ya juu ikafungwa ukutani kwa vyuma viwili vya pembe. Tangi lenyewe halizuiliki namna hiyo, nakiri; ndiyo maana watoto hawalali katika chumba kile.

Mengine ni mafupi. Paka vanishi kila upande, hasa ncha za miguu, kwani huko ndiko maji na mchwa huanzia. Kama sakafu ni ya udongo, tanguliza mawe bapa. Chini ya kioo weka ubao mzima na juu yake sponji nyembamba, ili punje moja ya mchanga isije ikawa sababu ya ufa. Waya wa umeme uning'inie chini kuliko soketi kabla ya kupanda, tone la maji lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme. Maji machafu tunayobadilisha hatuyamwagi ovyo, migomba inayafurahia.

Na samaki ukiwachoka, usiwatupe mtoni. Mto Kagera unaopita Kyerwa huishia Ziwa Victoria, na ziwa hilo limekwisha kuonja matokeo ya samaki wageni: sangara alipopandikizwa katika miaka ya 1950 na kuenea, aina nyingi za furu zilitoweka, na baadhi leo zimesalia tu katika matangi ya watu huko Ulaya na Marekani.

Tulijaza tangi kwa mafungu matatu, siku moja kwa kila fungu, pimamaji ikiwa juu ya fremu. Kisha tukaliacha wiki nzima na maji matupu. Kila alfajiri, kabla ya kwenda madrasa, binti yangu mdogo alikuwa akichungulia lile povu dogo kwenye kioo cha pimamaji. Siku ya nane alikuja kuniita: lilikuwa bado katikati. Nikamruhusu akalete ndoo ya furu.