Umbali Peke Yake Si Ulinzi



Mtu akiweka rula juu ya ramani kati ya Tel Aviv na Entebbe atapata umbali wa takriban kilomita 3,500. Katika mwaka 1976 utawala wa Idi Amin nchini Uganda ulitenda kana kwamba umbali huo ni ngome.

Tarehe 27 Juni mwaka huo, ndege ya Air France iliyotoka Tel Aviv kwenda Paris ilitekwa nyara baada ya kuondoka Athens. Ilipitia Benghazi, na siku ya pili yake ikatua Entebbe. Watekaji walidai wenzao waliofungwa waachiliwe kabla ya tarehe 1 Julai; kisha wakasogeza mbele siku ya mwisho hadi tarehe 4. Siku hizo tatu ndizo zilizoufuta umbali.

Ndege nne za Israel aina ya Hercules ziliondoka Sharm el-Sheikh alasiri ya tarehe 3. Hizo si ndege za kasi. Mwendo wake ni kama kilomita 550 kwa saa. Zilipita juu ya Bahari ya Shamu, chini sana ili zisionwe na rada, kisha zikakata Ethiopia. Njia hiyo ya mzunguko, tangu Israel, ni karibu kilomita 4,000. Safari ilichukua zaidi ya saa saba, na ndege ya kwanza ikatua mnamo saa tano usiku, wakati wa giza na usingizi.

Lakini hesabu ya kwenda si hesabu ya kurudi. Matangi yalikuwa yamepungua mno kuweza kuzirudisha ndege hizo kwao. Mafuta yalipatikana Nairobi, mwendo wa saa moja hivi kutoka Entebbe. Kwa hiyo umbali uliokuwa na maana usiku ule haukuwa kilomita 4,000, bali kilomita 500 na ushei za kwenda kwa jirani. Baadaye Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda, watu wasiohusika, waliuawa kwa kulipiza kisasi.

Tena, wavamizi hawakufika pale kama wageni. Israel ilikuwa imewafundisha askari wa Uganda hadi mwaka 1972, na kampuni ya Israel ilishiriki ujenzi wa kiwanja hicho. Walikuja na gari jeusi la Mercedes, mfano wa gari la Rais. Walinzi wawili wa Uganda hawakudanganyika, walilisimamisha. Lakini wawili hawakutosha.

Ndugu askari, somo ni wazi. Kilomita hazikamati silaha wala hazikeshi lindoni. Anayelinda kiwanja, daraja au mpaka asiulize adui yuko mbali kiasi gani. Aulize atafika kwa saa ngapi, atapata wapi mafuta, na nani analifahamu lango letu. Tahadhari kabla ya hatari.