SOKO LA FARASI: KABLA YA NYUNDO YA DALALI, MSIKILIZE DAKTARI

Kila mwezi Septemba, katika mji wa Lexington, jimbo la Kentucky nchini Marekani, hufanyika mnada wa Keeneland, ambao ndio mkubwa kuliko yote duniani kwa farasi wachanga wa mbio. Farasi zaidi ya 4,000 wenye umri wa mwaka mmoja huandikishwa, na mwaka 2024 mauzo yalizidi dola za Marekani milioni 400. Hakuna hata mmoja kati ya farasi hao aliyewahi kukimbia mbio. Kinachouzwa ni matumaini, na kati ya matumaini na hundi ya mnunuzi husimama mtu mmoja ambaye jina lake halitangazwi na dalali: daktari bingwa wa farasi.

Msomaji wa ukurasa huu anaweza kuuliza: daktari wa mifugo ana uhusiano gani na bei za soko? Jibu ni kwamba katika biashara hii daktari hatibu tu. Yeye ndiye mkaguzi wa bidhaa, ndiye anayelinda mtaji baada ya kununua, na mara nyingi neno lake ndilo linaloamua kama kampuni ya bima italipa au haitalipa. Kwa kuwa kazi hizo ni tofauti, utaalamu nao umegawanyika katika matawi matatu: uzazi, upasuaji, na tiba ya michezo. Nchini Marekani chuo cha madaktari bingwa wa upasuaji wa wanyama kilianzishwa mwaka 1965, na kile cha mabingwa wa uzazi mwaka 1971. Tawi la tiba ya michezo lilitambuliwa rasmi mwaka 2010 tu.

Uzazi: hesabu ya siku 25

Farasi jike hubeba mimba kwa siku 340 hivi. Mwaka una siku 365. Kwa hiyo mfugaji anayetaka jike wake azae kila mwaka ana takriban siku 25 tu, tangu jike alipozaa, za kumpatia mimba nyingine. Jike hurudi joto kila baada ya siku 21, na katika muda huo hukubali dume kwa siku tano hadi saba. Akikosa mara moja, mwenye mali amepoteza wiki tatu.

Wiki hizo tatu zina bei. Katika nusu ya kaskazini ya dunia farasi wote wa mbio wa aina ya Thoroughbred huhesabiwa kuwa wametimiza mwaka ifikapo Januari 1, bila kujali siku waliyozaliwa. Aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Mei huingia mnada mmoja na, baadaye, mbio moja, ingawa mmoja ni mkubwa kwa miezi minne. Ndiyo maana wafugaji hutaka vitoto vizaliwe mapema. Lakini kwa maumbile jike hushika mimba wakati mchana umerefuka. Madaktari wa uzazi hulitatua hilo kwa taa: kuanzia mwanzoni mwa Desemba jike huwekwa kwenye mwanga wa saa 16 kwa siku, na baada ya miezi miwili hivi mwili wake huamini kuwa majira ya kuchipua yamefika.

Jambo la pili ni kanuni. Thoroughbred haandikishwi ikiwa mimba yake ilipatikana kwa uhamilishaji. Ni lazima dume na jike wakutane ana kwa ana. Dume maarufu hupelekewa majike zaidi ya 150 katika msimu mmoja, na nafasi yake hupangwa kama ratiba ya treni. Kwa hiyo daktari hupima yai la jike kwa ultrasaundi, akakadiria ni lini litapevuka, na gari hupakia jike siku hiyo. Baada ya siku 14 hadi 16 hupima tena. Akikuta mapacha huondoa mmoja mapema, kwani mimba ya mapacha kwa farasi mara nyingi huishia kuharibika na mwenye mali akakosa wote wawili.

Ada ya dume nayo si ndogo. Dume aitwaye Into Mischief wa Kentucky alikuwa akitozwa dola 250,000 kwa jike mmoja katika msimu wa 2024. Kwa desturi ya Kentucky ada hiyo hulipwa pale tu kitoto kinapozaliwa hai, kikasimama na kunyonya. Hapo msomaji ataona ni kwa nini mwenye dume naye ana daktari wake wa uzazi: mimba isiyoshika ni ankara isiyolipwa.

Funzo la Cigar

Mfano mkubwa kuliko yote ni wa farasi Cigar. Alishinda mbio 16 mfululizo, akachukua Kombe la Dunia la Dubai lilipoanzishwa mwaka 1996, na akastaafu akiwa na mapato ya dola 9,999,815. Hisa kubwa katika umiliki wake iliuzwa kwa ajili ya kumfanya dume wa mbegu. Mwaka 1997 alipandishwa kwa majike zaidi ya 30. Hakuna aliyeshika mimba. Mabingwa waliitwa, wakapima, wakajaribu, na ikathibitika kuwa ni tasa. Kwa bahati nzuri ya wenye mali, alikuwa amekatiwa bima ya uzazi, na kampuni ya Italia ililipa dola milioni 25. Cigar mwenyewe akapelekwa kuishi katika hifadhi ya farasi mjini Lexington, ambako watalii walikwenda kumwona hadi alipokufa Oktoba 2014, baada ya upasuaji wa uti wa shingo.

Funzo lake kwa mfanyabiashara ni kwamba mbio za miguu na nguvu za mbegu ni mali mbili tofauti, na kila moja hukaguliwa peke yake.

Nje ya Thoroughbred kanuni ni nyepesi zaidi. Farasi wa polo nchini Argentina huzalishwa sana kwa kuhawilisha viinitete: jike bora huendelea kucheza huku mimba yake ikibebwa na jike mwingine. Huko wamefika hata kwenye nakala hai. Mwaka 2010 nakala ya jike wa polo aitwaye Cuartetera iliuzwa kwa dola 800,000, na mwaka 2016 mchezaji Adolfo Cambiaso alitumia nakala sita za jike huyo katika fainali ya Palermo.

Upasuaji: kisu kinachopandisha na kushusha bei

Farasi ana uzito wa kilo 450 hadi 550 juu ya miguu minne myembamba. Kumlaza kwa nusukaputi ni hatari yenyewe. Uchunguzi mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kuwa farasi 9 katika kila 1,000 walikufa kutokana na usingizi huo, hata walipoondolewa katika hesabu wale waliokuwa na ugonjwa wa tumbo.

Hata hivyo, upasuaji umekuwa sehemu ya kawaida ya kuandaa farasi kwa mnada. Kipande cha mfupa kilicholegea ndani ya kiungo hutolewa kupitia tundu dogo kwa kutumia kamera, na farasi akapona kabla ya siku ya kuuzwa. Mguu wa kitoto uliopinda hunyooshwa kwa kuwekewa skrubu upande mmoja wa mfupa unaokua, kisha skrubu ikaondolewa. Koo linaloziba wakati wa kukimbia, kwa sababu mshipa wa fahamu wa zoloto umedhoofu, hufunguliwa kwa kuvutwa na uzi.

Hapa ndipo pana mgongano wa masilahi. Mguu ulionyooshwa na daktari unaonekana sawa na mguu ulionyooka kwa asili, lakini farasi huyo akiwa mzazi atarithisha umbo alilozaliwa nalo. Mnunuzi anayetafuta farasi wa mbio tu huenda asijali. Anayetafuta mzazi anapaswa kuuliza, tena kwa maandishi.

Na kisu kina mpaka wake. Barbaro alishinda Kentucky Derby Mei 2006, na wiki mbili baadaye akavunjika mguu wa nyuma wa kulia katika mbio za Preakness. Katika hospitali ya New Bolton ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Dk. Dean Richardson aliunga mifupa kwa bamba la chuma na skrubu 27. Mfupa uliunga kwa sehemu kubwa. Kilichomshinda ni kwato: farasi akiegemea mguu mmoja kwa muda mrefu, kwato za miguu mingine huvimba kwa ndani na kuachana na mfupa. Januari 29, 2007 aliuawa ili asiendelee kuteseka. Fedha hazikupungua, utaalamu haukupungua, na mali ikapotea.

Tiba ya michezo: kuzuia kuliko kuunga

Tawi hili la tatu ndilo changa, na ndilo linalokua kwa kasi. Kazi yake ni kugundua ufa mdogo kabla haujawa mvunjiko. Baada ya vifo vya farasi wengi katika uwanja wa Santa Anita, California, mwaka 2019, uwanja huo uliwekewa mashine ya kupiga picha ya kifundo cha mguu huku farasi akiwa amesimama bila kulazwa. Katika viwanja vya Marekani vinavyotoa takwimu zao, vifo vilishuka kutoka 2.00 katika kila farasi 1,000 walioanza mbio mwaka 2009 hadi 1.32 mwaka 2023. Tangu mwaka 2022 nchi hiyo imekuwa na mamlaka moja ya usalama wa mbio kwa sehemu kubwa ya majimbo.

Upande wa dawa nao umebana. Mwaka 2019 mnada wa Keeneland uliruhusu wanunuzi kuomba kipimo cha dawa za kundi la bisfosfoneti kwa farasi wadogo. Dawa hizo huzuia mfupa usijivunje na kujijenga upya. Kwa mzee aliyechoka viungo zina faida, lakini kwa farasi anayekua zinaweza kuficha udhaifu ambao mnunuzi alipaswa kuujua.

Nini cha kuangalia sokoni

Katika minada mikubwa kila farasi huwa na jalada la picha za eksirei, mara nyingi zaidi ya 30, linalohifadhiwa mahali maalumu. Daktari wa mnunuzi hulisoma kabla ya zabuni, kisha huingiza kamera kooni. Swali la kwanza ni hili: daktari huyu analipwa na nani? Aliyempiga farasi picha ameajiriwa na muuzaji. Picha ni za kweli, lakini kuzifasiri ni kazi ya mtu wa mnunuzi. Asiyeweka daktari wake ananunua mbuzi kwenye gunia.

La pili, daktari mzuri hasemi "nunua" wala "usinunue". Husema kasoro hii ina maana gani kwa kazi uliyokusudia, na bei ipungue kiasi gani. Kasoro ndogo isiyozuia mbio ni nafasi ya mnunuzi mwenye akili.

La tatu, hata farasi asiye na kasoro si mshindi. Farasi The Green Monkey aliuzwa kwa dola milioni 16 mwaka 2006 baada ya kuonyesha kasi kubwa. Alikimbia mara tatu na hakushinda hata mara moja. Daktari anaweza kukueleza kama injini ni nzima. Hawezi kukuahidi dereva, njia wala bahati.

La nne, gharama ya matibabu ihesabiwe siku ya kununua. Upasuaji wa tumbo lililojisokota nchini Marekani hufika dola 10,000 na kuzidi, na uamuzi wake hutakiwa ndani ya saa chache, mara nyingi usiku. Mwenye mali ambaye hajaamua mapema atalipa kiasi gani, au hajakata bima, humlazimisha daktari kungoja huku mnyama akiugua.

Kwa wafugaji wa kwetu, wengi wao hawatanunua farasi wa Kentucky. Lakini anayenunua mtamba wa maziwa kwa fedha za mkopo yuko katika soko la namna hiyo hiyo: ananunua mimba ambayo hajaiona, kwa maneno ya muuzaji. Ada ya daktari wa kumpima mtamba ni sehemu ndogo sana ya bei yake, nayo inafaa kulipwa kabla ya kutia saini.