Mashine Kuukuu ya Kuchonga Chuma: Msiitupe Bado

Vikundi vyenye karakana huletewa mashine kuukuu za kuchonga chuma zinazoongozwa na kompyuta. Imezimika, fundi asema ni skrapu. Sisi twasema ngojeni kidogo. Mwili wake wa chuma huishi miaka mingi. Mara nyingi kinachokufa kwanza ni kompyuta, na spea hakuna tena.

Kabla ya kutoa pesa, kagueni skrubu zinazosukuma meza. Zungusheni mbele, kisha nyuma. Skrubu ikizunguka kidogo bila meza kusogea, imelika, na kompyuta mpya haitaiponya. Hapo pesa ziende kwa skrubu kwanza.

Zikiwa nzima, fungeni mota za kwenda hatua kwa hatua. Nyingi huwa na hatua 200 kwa mzunguko. Skrubu ikisogeza meza milimita 5 kwa mzunguko, basi hatua moja ni milimita 0.025, nyembamba kuliko unywele! Lakini mota hiyo ikizidiwa huruka hatua, na haisemi. Mota za servo hujipima zenyewe, ila ni ghali. Programu ya kuongoza ipo ya bure, LinuxCNC.

Na stima je? Mota ya kuzungusha kisu aghalabu hutaka fezi tatu, nasi kijijini tuna moja. Inveta hupokea moja ikatoa tatu, mradi mota iweze kuungwa kwa volti 240.

Kitufe chekundu cha dharura kikate umeme chenyewe, kisingoje kompyuta. Na fundi asiguse nyaya mara tu baada ya kuzima: kapasita hubaki na stima kwa dakika kadhaa.