Alichelewa au Alicheleweshwa?

Watu wa Bodo waliposikia kwamba mgeni wao anaitwa daktari, walianza kuniletea maradhi. Mzee mmoja alinionyesha goti lake lililovimba, na kijana mmoja wa mashua akataka kujua dawa ya macho yanayowasha kwa mwangaza wa bahari. Nilijitahidi kueleza kwamba udaktari wangu ni wa lugha, kwamba nilikuwa nimekuja kusikiliza jinsi wazee wa pwani ile, pale watu wanapopandia mashua kwenda Funzi, wanavyokisema Kichifundi chao, na kwamba sina idhini ya kumwandikia mtu hata kidonge cha malaria. Walinisikiliza kwa adabu zote. Kisha wakaniletea karatasi.

Aliyeileta ni mama mmoja kijana, mtoto mgongoni. Jina lake sitalitaja, wala la hospitali alikojifungulia. Yatosha kusema ilikuwa hospitali ya umma, katika mji alikokwenda kukaa na dada yake miezi ya mwisho ya mimba. Mtoto alikuwa amekwisha kutimiza miezi kumi. Shingo yake ilikuwa haijakaza, ngumi zimefumbwa, na macho yalipita juu ya nyuso zetu bila kutua. Kliniki walikuwa wamemwambia mama kwamba huo ni mtindio wa ubongo. Kwangu alitaka jambo moja tu: nimsomee karatasi aliyopewa siku ya kutoka wadini, kwa kuwa imeandikwa kwa Kiingereza.

Niliisoma. Sehemu kubwa ilikuwa ni vifupisho ambavyo hata mtu aliyekula chumvi ya vitabu hana budi kuvikisia. Niliyoyafahamu ni haya: uchungu ulichukua muda mrefu, mtoto hakulia alipozaliwa, alama zake za dakika ya kwanza zilikuwa 3 kati ya 10, na za dakika ya tano zilikuwa 5. Alama hizo zilibuniwa na daktari Mmarekani, Virginia Apgar, mwaka wa 1952, ili kupima rangi ya mtoto, mapigo ya moyo wake, pumzi, ukakamavu wa viungo na jinsi anavyoitikia anapoguswa. Nikamwuliza mama yeye mwenyewe aliambiwa nini usiku ule.

"Niliambiwa mtoto alichoka, daktari. Alichelewa kutoka, akachoka."

Bibi ya mtoto, aliyekuwa ameketi kizingitini, akaongeza kwa sauti ya chini kwamba kazi ya Mungu haina makosa.

Mimi ni mwalimu wa sarufi, na ada ya mja hunena. Tuitazame sentensi hiyo: mtoto alichoka. Kiima ni mtoto. Kitenzi si elekezi. Hakidai yambwa wala hakimtafuti mtenda mwingine. Mtu pekee aliyemo ndani ya sentensi ni yule aliyeumia, naye ndiye anayeonekana kuwa ametenda. "Alichelewa" ni vivyo hivyo: aliyechelewa ni mtoto, kana kwamba alikuwa na miadi akaipuuza. Darasani tunamfundisha mwanafunzi kwamba kwa kiambishi cha kutendesha "chelewa" huwa "chelewesha", na kwa kiambishi cha kutendwa "chelewesha" huwa "cheleweshwa". Tunampa alama zake mbili na kusonga mbele. Hatumwambii kwamba kati ya "alichelewa" na "alicheleweshwa" pana kesi nzima ya madai.

Maana mahakama, inapoombwa fidia kwa uzembe wa kitabibu, huuliza mambo ambayo yote yamo katika viambishi hivyo viwili. Je, hospitali ilikuwa na wajibu kwa mama huyu? Je, ilipungukiwa katika wajibu huo, kwa kipimo cha mtaalamu wa kawaida wa kazi hiyo? Je, upungufu huo ndio uliosababisha madhara, au madhara yangetokea vyovyote vile? Swali la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na ndilo linalowaangusha wengi. Mtindio wa ubongo hauletwi na uzazi mgumu peke yake. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, aliyepata maambukizi tumboni, au aliyeachwa na manjano makali siku za mwanzo bila kutibiwa, aweza kuupata, na mara nyingi sababu haijulikani kabisa. Kwa hiyo sikumwambia mama yule kwamba mtoto wake alicheleweshwa. Nilimwambia kwamba hajaambiwa bado.

Mahali pa kuambiwa ni chati. Katika wadi ya wazazi mama aliyeingia katika uchungu wa nguvu hufunguliwa chati ya uchungu, inayoitwa partografu. Shirika la Afya Duniani lilihimiza itumiwe kila mahali mwaka wa 1994, na mwaka wa 2020 likatoa mwongozo mpya wa kuirithi. Humo mkunga huandika mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, na kufunguka kwa njia ya uzazi kila baada ya saa nne. Mstari ukivuka mpaka uliochorwa, ni ishara kwamba hatua ichukuliwe: kumwita daktari, kumhamisha mama, au kumpasua. Mama yule alikumbuka kwamba alipimwa saa nne usiku, na kwamba aliyekuja tena alikuja saa tisa. Alizijua saa kwa sababu dada yake alikuwa akimpigia simu. Ikiwa kumbukumbu yake ni sahihi, kati ya saa hizo chati ingepaswa kuwa na mapigo ya moyo wa mtoto mara kumi hivi. Yamo? Hayamo? Karatasi ya kutokea haisemi.

Sheria ya Kenya haimnyimi haki ya kuuliza. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inasema ombi liandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili, na lijibiwe katika muda wa siku 21. Asiyejua kuandika asaidiwe na ofisa mwenyewe. Sheria ya Afya ya 2017 inakwenda mbali zaidi: inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, kila inapowezekana, kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma. Sisi watu wa isimu tumepigania hadhi ya Kiswahili katika semina na makongamano, tukachapisha na kupandishwa vyeo, ilhali kifungu hiki, ambacho kingemfaa mama wa Bodo kuliko makala zangu zote, sijapata kukisikia kikitajwa hata mara moja katika mikutano yetu.

Thamani ya neno lililosemwa au lisilosemwa inajulikana kwingineko. Mwaka wa 1999 huko Scotland mama mmoja mwenye kisukari na umbo dogo alijifungua mtoto mkubwa. Mabega yakakwama, mtoto akakosa hewa, akapata mtindio wa ubongo. Daktari alijua kwamba hatari hiyo ilikuwapo, lakini hakumwambia, kwa kuhofu kwamba angechagua kupasuliwa. Kesi hiyo, maarufu kwa jina la Montgomery, iliamuliwa na Mahakama ya Juu ya Uingereza mwaka wa 2015. Mama alishinda, na fidia ikawa pauni milioni 5.25. Kosa lililothibitishwa halikuwa la mkono wala la kisu. Lilikuwa kunyamaza.

Kwetu mfano ulio karibu zaidi ni wa Bungoma. Mnamo Agosti 2013, miezi michache baada ya huduma ya uzazi kutangazwa kuwa ya bure katika hospitali za umma, mama mmoja alijifungulia sakafuni katika hospitali ya wilaya, vitanda vikiwa vimejaa. Alizirai, na alipozinduka alikuta wauguzi wakimpiga na kumfokea. Mtu aliyekuwapo alizinasa picha, na nchi ikaziona. Mnamo Machi 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma iliamua kwamba haki zake zilivunjwa, ikampa fidia ya shilingi milioni 2.5 na kuagiza aombwe radhi. Hakushtaki kwa jeraha la mtoto. Alishtaki kwa kudhalilishwa, kwa njia ya ombi la kikatiba. Lakini jambo moja katika uamuzi ule linatuhusu: lawama haikuishia kwa wauguzi wawili wa zamu. Serikali ya kitaifa na ya kaunti zilitajwa. Nchini Uganda nako, mwaka wa 2020, Mahakama ya Katiba iliilaumu serikali yenyewe kwa kushindwa kuwapa wajawazito huduma za msingi, na familia za mama waliofariki zikaamriwa zilipwe.

Nalitilia mkazo hilo kwa sababu najua wasomaji wangu kadhaa wana dada, mke au binti aliye mkunga. Mkunga aliye peke yake usiku na mama sita wenye uchungu si mzembe kwa kuwa hakuwa na mikono kumi na miwili. Ukiuliza alicheleweshwa na nani, huenda jibu likawa gari lisilo na mafuta au chumba cha upasuaji kisicho na mtu wa kutia usingizi. Mdaiwa katika kesi hizi aghalabu ni mwajiri, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Na bibi aliyeketi kizingitini? Sikutaka kubishana naye, maana imani yake ni imani yangu. Lakini wanazuoni wa fiqhi, walioijua kudura kuliko sisi, tangu kale walimbebesha dhima mtu anayejitia katika utabibu asioujua, na diya katika sheria ya Kiislamu hutolewa hata kwa kosa lisilokusudiwa. Neno "fidia" lenyewe limetoka katika Kiarabu likiwa na maana ya kukomboa. Nilimweleza bibi hivyo, naye akaniuliza swali la maana kuliko langu: fidia hiyo itamfanya mtoto ashike shingo? Nikamwambia la. Itamlipia anayemnyoosha viungo, kiti cha kumkalisha, nauli za kliniki na mtu wa kumshika siku wewe na mama yake mtakapokuwa hamna nguvu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema nauli peke yake zimemaliza mbuzi wawili.

Wajapani walilitazama swali la bibi kwa njia nyingine. Tangu mwaka wa 2009 wana mpango ambao mtoto aliyepata mtindio mkali wa ubongo unaohusiana na uzazi, akitimiza masharti, hulipwa jumla ya yeni milioni 30, nyingi zikitolewa kidogo kidogo kwa miaka 20, bila wazazi kuthibitisha kosa la mtu yeyote. Kando ya malipo, wataalamu huchunguza kilichotokea na kuandika ripoti inayopewa wazazi na hospitali. Sisi hatujafika huko. Kwetu, asiyethibitisha hapati, na anayethibitisha lazima aanze mapema. Dai la madhara dhidi ya serikali limewekewa muda wa miezi 12. Dhidi ya hospitali ya binafsi, miaka 3. Mahakama yaweza kuongeza muda kwa sababu maalumu, na dai la mtoto mwenyewe lina masharti yake ambayo wakili ndiye wa kuyapima. Hata hivyo, mama mwenye mtoto wa miezi kumi asizihesabu huruma hizo. Aihesabu miezi 12. Kituo cha Sheria na FIDA wana ofisi Mombasa. Baraza la Madaktari na lile la Wauguzi hupokea malalamiko kuhusu mwenendo wa watu wao, lakini fidia hutafutwa mahakamani, na huko kila shilingi iliyotumika hudaiwa risiti.

Barua ya kuomba chati iliandikwa na mwalimu wa shule ya pale. Katika vijiji vyetu mwalimu bado ndiye anayesomewa na kuandikishwa kila kitu, kuanzia posa hadi mashtaka, nami nilifurahi kuiacha kalamu mkononi mwake. Aliiandika kwa Kiswahili safi, ukurasa mmoja. Nilitia mkono katika sentensi moja tu. Alikuwa ameandika, "Mtoto wangu alichelewa kuzaliwa." Mama alipendekeza "alicheleweshwa". Tulibishana muda, chai ikapoa, hatimaye tukazifuta zote mbili na kuandika: "Naomba nakala ya chati ya uchungu wangu ya usiku ule, kuanzia saa nne hadi saa tisa."

Ilipokewa siku ya Jumanne, na nakala yake ikapigwa muhuri. Mama ameiweka pamoja na risiti katika bahasha moja. Siku 21 zitakapokwisha, mtoto atakuwa amepita miezi kumi na moja.