Mkristo anayevuta sigara kwa siri: usimfiche daktari

Hivi karibuni alikuja kliniki mzee mmoja wa kanisa, mkazi wa hapa Tanga, akiwa na mkewe. Alikuwa amekohoa zaidi ya mwezi na nguo zilianza kumpwaya. Nilimuuliza kama anavuta sigara.

"Hapana, mwanangu, mimi nimeokoka."

Lakini vidole vyake viwili vilikuwa na rangi ya manjano. Nilimwomba mama atupishe kidogo. Mlango ulipofungwa, mzee aliinamisha kichwa. Kumbe huvuta usiku, nyuma ya banda la kuku, watu wakishalala. "Kanisani wakijua, nitauweka wapi uso wangu?"

Makohozi yake yalionyesha kifua kikuu. Moshi wa sigara hudhoofisha kinga ya mapafu, hivyo mvutaji hupata ugonjwa huu kwa urahisi zaidi, na akiendelea kuvuta matibabu huwa magumu. Na mjukuu wake wa miaka mitatu analala naye chumba kimoja. Ilibidi mtoto naye aletwe kuchunguzwa.

Makanisa yanasemaje?

Biblia haitaji tumbaku, kwa kuwa mmea huu ulitoka Amerika na kuenea duniani baada ya mwaka 1492. Wakristo wengi husimama kwenye fundisho la Mtume Paulo kwa Wakorintho, kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu.

Waadventista Wasabato, walioanza kazi yao nchini mwaka 1903 kwa jirani zetu Upareni, humtaka mwumini aache tumbaku kabla ya kubatizwa. Wakatoliki huihesabu matumizi mabaya ya tumbaku kuwa kukosa kiasi, na Papa Francis alisimamisha uuzaji wa sigara Vatican kuanzia mwaka 2018. Waanglikana na Walutheri kwa kawaida hawana katazo la namna hiyo, ila hufundisha kuutunza mwili.

Je, mafundisho haya yana faida kiafya? Huko California, Marekani, watafiti waliwafuatilia maelfu ya Waadventista kwa miaka mingi. Wanaume waliishi zaidi ya miaka 7 kuliko wenzao wa jimbo hilo, na wanawake zaidi ya miaka 4. Chakula na mazoezi vilichangia, lakini kutovuta kulikuwa na sehemu kubwa.

Ugoro na tambuu je?

Wapo wanaoniambia, "Daktari, mimi sivuti, nanusa tu," au, "Natafuna tambuu." Ikiwa ndani yake kuna tumbaku, nikotini ni ileile na saratani ya kinywa inakunyemelea. Hata popoo peke yake husababisha saratani hiyo. Kidonda au doa jeupe mdomoni likizidi wiki mbili, nenda ukapimwe.

Kwa wazazi

Moshi wako huingia kifuani mwa mtoto. Huchochea pumu, homa ya mapafu na maumivu ya masikio. Kufungua dirisha hakutoshi. Nyumba isivutiwe kabisa.

Namna ya kuacha

Chagua siku na umwambie mtu mmoja unayemwamini. Tupa sigara, kiberiti na kibati cha ugoro. Siku chache za mwanzo ndizo ngumu zaidi: utakuwa na hasira, usingizi utapungua, na hamu itakuja kwa mawimbi. Kila wimbi hupita baada ya dakika chache, hivyo kunywa maji, tembea, au sali kama ndiyo desturi yako. Ukianguka, anza tena, maana wengi huacha baada ya kujaribu mara kadhaa. Ukiacha, baada ya mwaka mmoja hatari ya ugonjwa wa moyo inayotokana na sigara hupungua kwa karibu nusu.

Wachungaji na mapadri, nikotini hushika ubongo, na aliyeshikwa ni mgonjwa anayehitaji msaada. Akija kwenu kuungama, msimtangaze. Msindikizeni hospitali.

Na wewe unayejificha, mwambie daktari ukweli. Siri yako inabaki chumbani mwetu, na mimi sikuulizi ili nikuhukumu. Mzee wetu sasa anameza dawa, na mkewe ameshajua. Alichosema mama ni hiki tu: "Harufu niliisikia miaka yote. Nilikuwa namsubiri aseme."