Waya wa Spika: Uliza Unene Kabla ya Bei

Hakuna waya unaoongeza kitu kwenye muziki. Ulio mzuri unaupitisha kama ulivyotoka kwenye amplifaya, na ulio mbaya unaupunguza njiani. Nalisema hili mapema kwa sababu ukiingia madukani Kariakoo au Luthuli Avenue utaoneshwa nyaya za kila rangi na kila bei, na muuzaji atakuapia kwamba ule wa bei kubwa "unafungua" besi. Besi haikufungwa na mtu. Kama imepungua, ipo sababu, na sababu hiyo inapimika.

Sababu kubwa ni ukinzani wa waya wenyewe. Geuza spika uangalie nyuma: kibandiko kimeandikwa omu 4, 6 au 8. Huo ndio ukinzani ambao spika inauwekea umeme wa amplifaya. Waya nao una wake, na umeme unaupita mara mbili, kwenda na kurudi. Chukua sebule ya kawaida: amplifaya iko chini ya televisheni, waya unafuata ukuta, unapanda juu ya mlango na kushuka hadi spika ya kona, mita 10. Ukitumia waya mwembamba kama ule unaokuja ndani ya boksi, tuseme wa milimita 0.5 za mraba, safari hiyo ya kwenda na kurudi ina ukinzani wa karibu omu 0.7. Spika ya omu 4 itapata takriban robo tatu tu ya nguvu iliyostahili kuipata. Ukiweka waya wa 2.5, ukinzani unashuka hadi omu 0.14 na hasara haifiki asilimia 7.

Utasema: basi si naongeza sauti kidogo, yakaisha? Hayaishi. Ile namba ya nyuma ya spika ni ya kukadiria tu. Spika ya omu 4 inaweza kushuka hadi 3 kwenye sauti fulani na kupanda kupita 20 kwenye nyingine. Waya mwembamba hula zaidi pale ukinzani wa spika unaposhuka, na hula kidogo pale unapopanda. Kwa hiyo wimbo unafika uwiano wake ukiwa umevurugika: gitaa limesogea mbele, ngoma zimebaki nyuma, au kinyume chake. Kuongeza sauti hakurekebishi hilo.

Kanuni inayotumika sana ni kwamba ukinzani wa waya usizidi asilimia 5 ya ule wa spika. Ukipiga hesabu, waya wa shaba wa 1.5 unatosha hadi mita 8 kwa spika za omu 4, na mita 16 kwa spika za omu 8. Wa 2.5 unafika mita 14 kwa omu 4. Zaidi ya hapo, kwa sebule nyingi, unanunua uzito tu. Fundi umeme anazijua namba hizi: 1.5 ni waya wa taa, 2.5 ni wa soketi. Ila wewe usichukue ule mgumu wa uzi mmoja unaopitishwa ukutani. Chukua ule laini wa nyuzi nyingi, wenye nyaya mbili ndani ya ganda moja, unaouzwa kwa mita duka la vifaa vya umeme. Unafaa kabisa. Usije tu ukaufunga plagi ya ukutani, hata kwa muda, maana atatokea mtoto wa kuichomeka kwenye soketi.

Unene wenyewe una ujanja wake. Pima shaba, usipime plastiki. Na ukikutana na waya mnene, wa bei ya chini, mwepesi mkononi, omba kipande kidogo. Chuna ganda, toa uzi mmoja, ulaze juu ya meza penye mwanga, uukwangue taratibu kwa wembe. Shaba halisi ni nyekundu hadi ndani. Wekundu ukibanduka na chini yake kukang'aa weupe, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Ukinzani wake ni kama mara moja na nusu ya shaba ya unene uleule, na nyuzi zake hukatika upesi zikikunjwa mara kwa mara. Si dhambi kuununua ikiwa bei inasema ukweli. Panda tu ngazi moja ya unene. Ukikuta weupe nje na wekundu ndani, hiyo ni shaba iliyopakwa bati, na kwa anayeishi Mombasa au Unguja, ambako hewa ya chumvi huivisha shaba tupu rangi ya kijani, ningemshauri alipie hiyo.

Kuhusu nyaya za maelfu ya dola, kipo kisa cha mwaka 2007. James Randi, mfanya mazingaombwe wa Marekani aliyejulikana kwa kuwaumbua wadanganyifu, aliahidi dola milioni 1 kwa atakayeweza kutofautisha kwa sikio waya wa Pear Anjou, uliouzwa zaidi ya dola 7,000, na waya mzuri wa kawaida. Mwandishi wa mambo ya muziki, Michael Fremer, akakubali, lakini jaribio halikufanyika. Kisa hicho hakimpi mtu ushindi. Sharti lake ndilo la kuiga: msikilizaji asijue ni waya gani uliofungwa, nawe hakikisha sauti inalingana kabisa, kwa sababu sikio hupenda chenye sauti kubwa zaidi. Mwenzako akubadilishie nyuma ya kabati, wewe uandike unachosikia.

Kabla ya kulaumu waya, hakikisha umefungwa sawa. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, spika zote mbili. Ukigeuza upande mmoja tu, spika moja inasukuma hewa huku nyingine ikiivuta, na besi inapotea hata kama waya ni wa dhahabu.

Nyaya za kuunganisha vifaa, zile za pini nyekundu na nyeupe, ni habari nyingine. Hapo umeme ni mdogo mno. Mashine ya santuri hutoa milivolti chache tu. Kinachotakiwa ni waya mfupi wenye kinga nzuri ya kusukwa ndani, na pini zinazobana. Muungurumo wa chini usiokoma, ule wa hezi 50 au 100, mara nyingi hauletwi na waya mbovu bali na vifaa viwili vyenye ethi kupitia njia mbili tofauti: amplifaya kwa plagi yake, king'amuzi kwa waya wa dishi. Chomoa waya wa dishi. Muungurumo ukinyamaza, umempata mkosaji. Usikate pini ya ethi ili kuunyamazisha; pini hiyo inalinda uhai wa anayegusa amplifaya. Kama sauti ya king'amuzi inapitia televisheni, na televisheni na amplifaya zote zina tundu la waya wa mwanga, tumia huo: mwanga haubebi umeme, kwa hiyo ile njia ya pili inakatika. Wa bei ya kawaida unatosha.